Bibi Biubwa Alikotoka

Kurui, 4 Machi 1951

Mvua ya kwanza imetukuta bondeni. Shangazi Mwanne hakukubali turudi nyumbani. Alisema mpunga hauogopi maji, itakuwaje niyaogope mimi. Nimerudi na matope hadi magotini, nimeoga, nimekula, nimekaa barazani na kalamu. Shangazi amepita na ndoo kichwani, akasema, "Darasa la nane umemaliza, Shomari, wenzako wanatafuta kazi. Wewe unaitafuta humo kwenye karatasi?"

Kazi ninayoitaka haijui, wala hapa Kurui hakuna aliyewahi kuifanya. Nataka kuwa mtu wa tarehe: kuulizia habari za waliotutangulia, kuzipima na kuzipanga mpaka zisimame zenyewe. Aliyenitia maradhi haya ni Mwalimu Hilario, aliyenifundisha Kisarawe. Siku ya kufunga shule aliniambia, "Vitabu vyetu vinasema nchi hii ilianza Mjerumani aliposhuka pwani. Wewe una miguu na una masikio. Niletee habari za kijiji kimoja tu, lakini ziwe za kweli, nami nitampa mkaguzi wa shule pamoja na jina lako." Mkaguzi akipendezwa nitapata nafasi katika chuo cha ualimu mwakani. Na baada ya hapo, Mungu akijalia, Makerere.

Kijiji changu kimoja ni hiki.

9 Machi

Mvua. Palizi. Mgongo unauma.

13 Machi

Nimeshinda kwa Mzee Pazi, mwenye mashamba makubwa kuliko wote hapa. Amenieleza habari za babu yake: jinsi alivyofyeka msitu, jinsi alivyoua simba kwa mkuki mmoja, jinsi Wajerumani walivyomtolea kofia. Simba nimekwisha kumsikia. Mwaka jana walikuwa wawili. Nikauliza, "Na mashamba yote haya, mzee, alilima nani?"

Akanitazama. "Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, mwanangu. Watu wa nyumbani."

Bibi Biubwa alikuwa akipepeta mchele pembeni ya baraza. Ni mzee kuliko Pazi mwenyewe, ndiye aliyemlea. Mimi nilipofiwa na mama ndiye aliyenilisha, pamoja na mjukuu wake Mwamini, sahani moja. Na kama mabibi wanavyowatania wajukuu, huniita mume wake. Nilipokuwa naondoka akanifuata hadi kwenye ua wa makuti.

"Mume wangu," akasema taratibu, "umeuliza vizuri. Lakini umemwuliza ambaye hakuwapo."

20 Machi

Mahari ya Mwamini imepokewa. Anaolewa na Abdala mwana wa Mzee Isihaka, yule mwenye duka. Arusi itakuwa mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga. Abdala tulikaa dawati moja Kisarawe. Ni kijana mpole, hupenda kucheka, humwogopa baba yake kama sisi sote. Nimemkuta Mwamini anasuka ukili wa mkeka wake wa arusi, vidole vimebadilika rangi. Nikamwambia anasuka kama anayefukuzwa. Akasema, "Nafukuzwa na furaha, wewe hujui."

Sijawahi kumwona hivyo. Nimefurahi hadi nyumbani.

2 Aprili

Leo nimepata nilichokuwa nakitafuta. Nitaandika kama Bibi Biubwa alivyosema.

Mvua ilikuwa kubwa, tumejifungia jikoni kwa Bibi Biubwa, yeye na mimi. Anamenya muhogo, mimi napuliza moto. Nikamwuliza alichotaka kusema siku ile pale uani. Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Mimi si wa hapa."

Nikasema najua, watu husema alitoka upande wa Rufiji.

"Husema Pazi. Mimi nilitoka kwenye maji makubwa, mbali kuliko Rufiji. Upande wa pili huoni. Nilikuwa sijang'oka meno ya utoto. Watu walikuja asubuhi tulipokuwa kisimani. Wanawake walikuwa wakimwita mama yangu, 'Nambewe! Nambewe, kimbia!' Akakimbilia kwangu badala ya kukimbia. Basi tukakamatwa wote wawili. Njiani akaugua, wakamwacha chini ya kichaka na kibuyu kitupu. Nikageuka kumtazama, nikavutwa kamba."

Nikamwuliza jina lake yeye, la kwanza, la huko.

"Nimelisahau. Jina lako si unaitwa ndipo unalisikia? Wakaacha kuniita. La mama limebaki kwa sababu lilipigiwa kelele."

Miguu yake ilioza njiani. Msafara ulipofika hapa wenyewe wakaona atawafia kabla ya pwani, wakamwacha kwa babu yake Pazi kwa chumvi na vipande vya kaniki. Akalishwa ubwabwa kama mtoto mchanga mpaka akapona. Anasema ndiko jina la Biubwa lilikotoka. Akalima mashamba yale. Akampokea Pazi alipozaliwa, akambeba mgongoni. Akazaa binti mmoja, mama yake Mwamini, aliyekwisha kufariki.

"Pazi hakuwahi kukuuliza ulikotoka?"

"Huniita mama mdogo mbele za watu. Kuniuliza, la. Waingereza walipotangaza kuwa hakuna mtumwa tena, alirudi kutoka barazani akaniambia, 'Umesikia? Uko huru.' Nikamwuliza, 'Niende wapi?' Akasema, 'Kapike, watu wana njaa.'" Akacheka sana. Mimi sikuweza kucheka.

Nikamwuliza kama niandike.

"Andika. Uwasomee na watu. Umri wangu wote nimekaa na watu wa Kurui, wananijua mikono tu."

8 Aprili

Nimeandika kwa wino, safi, mara ya tatu. Shangazi anasema nitapofuka.

17 Aprili

Kisarawe. Nimetoka alfajiri, barabara imekatika mahali kwa maji, tumevuka tukishikana mikono na watu nisiowajua.

Mwalimu Hilario amesoma akiwa amesimama. Alipofika pale pa kibuyu kitupu akavua miwani. Kisha akasema, "Shomari, wewe ni mwanahistoria." Neno hilo ameliunga mwenyewe, hajui kama lipo, anasema kama halipo sasa lipo. Akaniingiza darasa la sita, akanisimamisha mbele, akasema niwasomee. Nilimwuliza pembeni kama niondoe jina la bibi. Akasema, "Habari isiyo na majina ni ngano. Amekuruhusu au hakukuruhusu?" Nikasema ameniruhusu.

Nimesoma. Watoto wametulia hadi unasikia maji yakidondoka kwenye michirizi. Mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Huyo bibi yuko wapi sasa?"

"Yuko kwetu Kurui," nikasema. "Anapika."

Mwalimu atampa mkaguzi mwisho wa mwezi. Nimerudi nyumbani bila kuhisi miguu.

21 Aprili

Mvua bila kukoma. Mto umepanda. Paa la jiko limevuja, shangazi amenilaumu mimi.

26 Aprili

Nimekutana na Abdala njiani karibu na duka lao. Nimempa salamu. Ameitika akitazama baiskeli yake, akapita.

29 Aprili

Jana alasiri mshenga wa Mzee Isihaka amekwenda kwa Mzee Pazi, akakaa kidogo, hakunywa hata maji. Ujumbe: Isihaka haozi mwanawe kwa asiye kufu yake. Amesikia kuwa bibi wa binti alinunuliwa, na kuwa jambo hilo limesomwa shuleni Kisarawe mbele ya watoto wa watu, mmoja wao mtoto wa ndugu yake.

Mimi nilikuwa bondeni. Nimeambiwa na shangazi. Hakunifokea, na hilo limenitisha zaidi. Alisema tu, "Utumwa hufuata tumbo la mama, Shomari. Ulikuwa hujui hilo, wewe mwenye kujua mambo ya kale?"

Nilijua. Kila mtu analijua. Tangu nianze kumsikiliza Bibi Biubwa sikumfikiria Mwamini hata mara moja. Nilifikiria mkaguzi, nilifikiria yale maji makubwa usiyoona upande wa pili, nilifikiria nitakavyoanza sentensi ya kwanza.

Leo asubuhi Mwamini amekuja mwenyewe. Amesimama uani katika manyunyu, kanga kichwani, hakutaka kuingia.

"Ni kweli?" akaniuliza.

"Ni kweli. Hukuwa unajua?"

"Nilikuwa najua kuna jambo. Bibi akinisuka nywele huanza kusema, nami humwambia, bibi, nisuke tu." Akajifuta uso. "Mimi niliamua kutojua, Shomari. Ilikuwa haki yangu. Nani alikutuma?"

Nikasema bibi mwenyewe alitaka.

"Bibi amebakiza nini cha kupoteza? Ungeniuliza mimi."

Nimemwambia nitafanya lolote atakalo. Akaondoka. Ukili wake mrefu ameuacha umening'inia barazani kwa Pazi, unaloa.

3 Mei

Mzee Pazi ameniita. Hakunikaribisha kiti.

"Utakuja Jumapili, Isihaka atakuwepo, na Mwalimu Mwishehe wa msikitini. Utasema umetunga. Kwamba mama mdogo ni wa ukoo wetu, wa upande wa Rufiji, na wewe ulitia chumvi ili ujipendekeze kwa wazungu wa shule."

"Na Bibi Biubwa mwenyewe, mzee?"

"Ataulizwa na nani?" akasema Pazi. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Shomari, unadhani mimi simpendi? Amenibeba. Ndiyo maana nilimpa Rufiji."

Nilipotoka Mwamini alikuwa mlangoni pa jiko. "Ulisema lolote," akanikumbusha. "Basi ni hilo."

Nilipaswa kuingia jikoni, nimweleze bibi kabla ya Jumapili. Nilimsikia ndani anakoroga chungu. Nikapita upande wa pili wa nyumba.

6 Mei

Baraza la Mzee Pazi lilijaa. Mzee Isihaka alikuja na kanzu ya Ijumaa, Abdala nyuma yake. Mwalimu Mwishehe alikaa katikati. Huyu ndiye anayetusalisha na kutufundishia watoto Kurani, mtu mkavu asiyependa maneno.

Mzee Pazi akaniambia niseme. Mwalimu Mwishehe akanizuia kwa mkono. "Kabla hajasema, ataapa?"

Isihaka akatikisa kichwa. "Hapana haja ya kiapo, Mwalimu. Mimi sikuja kutafuta kweli. Mwanangu hali wala halali, namwona. Nimekuja kutafuta neno la kujibu nikiulizwa na watu. Nipeni neno, niende zangu."

Nikamtazama Abdala. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kuchapwa. Nikasema, "Nilitunga."

"Yote?" akauliza Isihaka.

"Yote. Hakuna aliyeniambia. Bibi ni wa ukoo wa Mzee Pazi. Nilitaka kumpendeza mwalimu wangu."

"Na hilo jina la ajabu la huyo mama?"

"Nililitunga pia."

Isihaka akashusha pumzi. Akasema kijana amekosa, kijana amekiri, na sisi sote tulikuwa vijana. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, kama kuku wanaorudi uani baada ya mwewe kupita. Mwalimu Mwishehe hakucheka.

Wakati huo huo Bibi Biubwa akatoka ndani na sinia la kahawa. Alikuwa nyuma ya mlango muda wote. Akamhudumia Mwalimu, akamhudumia Isihaka, akamhudumia Pazi, akamhudumia na Abdala. Aliponifikia mimi akanipa kikombe kwa mikono miwili, kama mgeni.

"Karibu, bwana," akasema.

Nikamfuata jikoni. Nilianza kusema, bibi, ilikuwa kwa ajili ya Mwamini, akainua mkono. "Najua ilikuwa kwa ajili ya nani. Mwamini ni wangu kabla ya kuwa wako. Ungekuja kuniambia ningekuambia sema, sema mwanangu, niko radhi." Akaketi kwenye kigoda, akaanza kupanga vikombe vilivyorudi. "Lakini ulipita nyuma ya nyumba. Nilikuona."

"Nisamehe, bibi."

"Wale walioniuza mara ya kwanza," akasema, "hawakuwa wakinijua."

Nimerudi nyumbani. Arusi ipo. Kila mtu ananisalimu tena.

10 Mei

Kisarawe. Habari zimenitangulia. Nimemweleza Mwalimu Hilario kila kitu, naye amenisikiliza hadi mwisho, na ameniamini. Lakini akasema, "Mkaguzi ameambiwa kuwa umekiri kutunga. Ameniuliza mimi. Nimwambie nini? Kwamba ulisema uongo kuwa ulisema uongo?"

Nikasema, mwambie hivyo hivyo.

"Hatanielewa. Na chuo hakimpokei mtu wa namna hiyo."

Nilikuwa nikimwona Mwalimu Hilario kama mlima. Leo nimemwona anazungusha chaki kati ya vidole vyake, anatazama nje mvua itakatika saa ngapi. Si mtu mbaya. Ila yeye ndiye aliyenisimamisha mbele ya darasa na jina la bibi, na yeye hana mjukuu wa kuoza Kurui.

15 Mei

Mvua. Sina la kuandika.

24 Mei

Arusi. Mwamini alipendeza. Bibi Biubwa amepika tangu jana, vyungu vitatu vya wali vikiwa motoni kwa pamoja, hakutaka msaidizi. Nilimpelekea kuni. "Ahsante, bwana," akasema. Wanawake waliokuwa jikoni wakatazamana; wamezoea kusikia utani wetu.

Mvua ilikatika vigelegele vilipoanza. Watu wamesema ni heri.

2 Juni

Bibi Biubwa ana homa. Shangazi amempelekea uji.

6 Juni

Mwezi umeandama. Tumeanza kufunga. Bibi naye alitaka kufunga, Mwalimu Mwishehe amekwenda kumwambia kuwa mgonjwa hafungi. Amemjibu kuwa hajawahi kuacha hata mwezi mmoja tangu ajue kusali, tangu alipofundishwa na mama yake Pazi. Kikohozi chake nakisikia kutoka barazani kwetu.

9 Juni

Nimekaa naye mchana. Nimempa maji kwa kijiko. Ameyanywa. Amenitazama muda mrefu, hakuniita jina lolote, si bwana, si mume wangu. Mwamini yuko kwa mumewe lakini huja kila alasiri, humbadilisha nguo, huimba chini chini. Sisi wawili hupishana mlangoni.

11 Juni

Bibi Biubwa amefariki asubuhi, Mwamini amemshika mkono. Tumemzika baada ya alasiri.

Nitaandika la kaburini, kisha nitalala kama nitaweza.

Wanaume wa Kurui wote walikuja, na wa Isihaka. Abdala aliingia kaburini kumpokea, kama mume wa mjukuu wake, akamlaza vizuri, taratibu. Tukafukia. Mwalimu Mwishehe akachuchumaa upande wa kichwa ili asome talkini. Pale maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake, akumbushwe atakavyowajibu malaika. Mwalimu akainua macho.

"Biubwa binti nani?"

Watu wakamtazama Mzee Pazi. Macho ya Pazi yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia tangu asubuhi kama mtoto, na kilio kile hakikuwa cha kujionyesha.

"Soma binti Hawa, Mwalimu," akasema. "Sote mama yetu ni Hawa."

"Hawa ni wa asiyejulikana," akasema Mwalimu Mwishehe. "Huyu amekaa nanyi hadi mvi. Hajulikani?"

Pazi akafumbua mdomo, nikaona anatafuta jina la Rufiji, na hana. Hakuwahi kumtungia mama. Alikuwa amemtungia upande wa nchi tu.

Mzee Isihaka alikuwa amesimama mbele yangu. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayeomba. Nilijua anachoomba, na nilijua nyumba ya nani itaanguka. Nilimwona Abdala anapangusa udongo kwenye viganja, ananisikiliza kabla sijasema. Nilijua kuwa nikinyamaza itasomwa Hawa, tutarudi tufuturu, na Mwamini atalala kwake. Nikajiambia nyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza.

Nikasikia mtu anasema, "Nambewe. Biubwa binti Nambewe." Nilikuwa mimi.

"Una hakika?" akauliza Mwalimu.

"Aliniambia mwenyewe. Nilisema nimetunga. Sikutunga."

Mwalimu Mwishehe akanitazama kidogo, kisha akainama. Akasoma. Jina lile la maji makubwa limepita katikati ya Kiarabu mara tatu, na kila lilipopita mtu mmoja alikuwa anasogea nyuma. Alipomaliza watu wa Isihaka walikuwa wamekwisha kuondoka.

14 Juni

Abdala ameandika talaka. Wanasema alilia, na baba yake alikuwa amesimama juu yake. Naamini yote mawili.

Nilikwenda dukani kwa Mzee Isihaka. Sijui nilitaka nini. Alikuwa anakunja vitambaa. "Wewe ulinipa neno," akasema bila kunitazama, "nikaliweka mbele za watu. Kisha ukaja ukaninyang'anya, kaburini, mbele ya watu wale wale. Hata kama ningetaka kunyamaza, ungeniachia njia gani?"

Sikuwahi kufikiri kuwa alikuwa tayari kunyamaza. Labda alikuwa tayari. Labda alijua tangu siku ile ya kahawa.

16 Juni

Mwalimu Hilario ameniletea ujumbe kwa dereva wa lori. Amesikia ya kaburini. Mkaguzi atarudi Januari. Niandike upya, niongeze na hilo la talkini, atasimama nami mwenyewe. "Sasa hakuna wa kukuita mwongo," amesema. Nimeambiwa nimjibu haraka.

18 Juni

Mwamini amerudi kwa Mzee Pazi. Nimemkuta jikoni anasugua vyungu vya bibi kwa mchanga. Nje jua limetoka kali, mpunga umeanza kuwa wa manjano, ndege wamejaa bondeni na kila mtu yuko huko anawafukuza. Tulikuwa peke yetu. Nikakaa kwenye mlango, nikasubiri anitukane.

"Nimeambiwa alivyosomewa," akasema.

"Ndiyo."

"Alikwenda na jina lake. Kwa hilo sikulaumu. Kama ningekuwa mwanamume, ningekuwa pale kaburini, sijui. Labda ningelisema mimi." Akageuza chungu. "Lakini yeye amekufa, Shomari. Mimi niko hai."

Nikamwambia ujumbe wa Mwalimu Hilario. Sikutaka kumficha tena jambo. Akaacha kusugua.

"Nakwenda Misugusugu kwa shangazi yangu, dada wa baba. Eda nitakaa huko. Kule hawanijui, barabarani watu ni wapitaji. Pengine nitaolewa tena, pengine nitazaa. Nataka uniahidi jambo."

"Sema."

"Katika tarehe yako mimi usinitie. Wala bibi, kwa sababu ukimtia bibi umenitia mimi. Wala watoto wangu. Wao wasikusome."

Ningeweza kumwambia kwamba bibi alitaka wasikie. Ningeweza kusema majina yanaweza kubadilishwa. Nimetazama mikono yake, imejaa masizi hadi viwiko. Nimemwambia sitaandika. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua.

20 Juni, Kisarawe

Nimemsindikiza. Mzee Pazi alitaka kuja, magoti hayakumruhusu. Alimpa kuku wawili na akashindwa kusema kwaheri. Tumetembea kutoka Kurui, mimi na sanduku kichwani, yeye na kuku. Njia imekauka. Tumezungumza mambo ya mpunga na ya shangazi Mwanne, na wakati mmoja alicheka.

Nilipita shuleni nikamjibu Mwalimu Hilario kwamba sitaandika upya. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nimeombwa. Akasema, "Basi tafuta kijiji kingine," nami nikasema labda. Shangazi ana ndugu anayepima katani shambani huko Kibaha, amesema wanahitaji karani. Nitakwenda baada ya mavuno. Kule wako watu waliotoka kila upande wa nchi hii. Sijui kama nitathubutu kumwuliza mmoja wao alikotoka.

Lori lilikuwa linapakia machungwa na nazi kwa ajili ya Dar es Salaam. Kutoka huko atapata la njia ya Morogoro. Mwamini alipanda akakaa juu ya magunia, karibu na mama mmoja mnene mwenye mwavuli, mchangamfu, wa kutaka kujua habari za kila mtu. Mama yule akampisha, akampokea kuku.

"Karibu, mwanangu. Kwenu wapi?"

Mwamini akanitazama mimi niliye chini.

"Kwetu Bagamoyo," akasema.

"Bagamoyo! Ukoo gani? Mimi Bagamoyo nawajua watu." Akaniinamia, "Na huyu ni nani wako?"

"Kaka yangu," akasema Mwamini. Uso wake ulikuwa mkavu, macho hayakuniacha.

"Hebu tuambie wewe kaka mtu," akasema yule mama akicheka, "ninyi wa nani huko?"

Dereva alikuwa anazungusha mtaimbo wa kuwashia, injini ikakohoa ikawaka. Ikabidi nipaze sauti, watu wote wa kituoni wakasikia. Nikamwambia sisi ni wenyeji kabisa wa Bagamoyo, tangu babu na babu, na kwamba bibi yetu mzaa mama alizaliwa huko huko na kuzikwa huko huko. Mama yule akaridhika. Mwamini akafumba macho kidogo, kisha akajifunika kanga, na lori likaondoka.